Si Deni la Mbuzi: Historia ya Sheria Zinazomlinda Mwanamke katika Mwambao Wetu



Katika vijiji vya mwambao wetu, kuanzia bonde la Ruzizi hadi rasi ya Ubwari, liko neno moja linalotamkwa kwa sauti ya chini binti anapofanyiwa ubaya: tupatane. Wazee wa pande mbili huketi. Aliyetenda hukiri, au hukirishwa. Mbuzi wawili au ng'ombe mmoja hutajwa, pengine na pombe ya kuwatuliza wakubwa. Kisha baba wa binti hupokea. Mara nyingine huamuliwa kwamba aliyembaka amwoe, na mahari ihesabiwe humo humo. Binti mwenyewe hukaa nyuma ya nyumba wala haulizwi neno. Jioni husemwa kwamba kesi imekwisha na amani imerudi.

Nimeona vema kuzieleza sheria zinazomlinda mwanamke kwa njia ya historia. Zikisomwa peke yake huonekana kama karatasi zilizotoka Kinshasa, na kabla ya Kinshasa huko Ulaya, zisizojua lolote juu ya maisha ya Uvira, Makobola au Fizi. Lakini tukizifuata hadi nyuma, tunaona kwamba zinajibu swali la zamani sana hapa kwetu: mwanamke anapoumizwa, aliyekosewa ni nani? Ni baba yake, mume wake, ukoo wake, au ni yeye mwenyewe?

Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakitafuta mwisho wa ziwa upande wa kaskazini. Walikuta njia hiyo imekwisha kuzoewa na wafanyabiashara waliotoka pwani ya Bahari ya Hindi. Burton aliieleza Uvira kuwa kituo cha mwisho cha biashara upande huo, mahali pa kununulia pembe za ndovu na watumwa. Ni vema tukumbuke hilo tunapopita sokoni au bandarini Kalundu. Mji wetu uliingia katika vitabu vya dunia kama mahali ambapo mtu huuzwa kwa vitambaa na shanga. Na kati ya waliouzwa, wanawake na watoto walikuwa sehemu kubwa, kwa kuwa mwanamke alinunuliwa kwa kazi ya shamba, kwa kazi ya nyumbani na kwa kitanda cha bwana wake, bila kutenganishwa. Katika miaka iliyofuata, watu wenye bunduki wa Rumaliza, mkubwa wa Ujiji, walizidi kupanda kaskazini, mpaka vita vya 1892 hadi 1894 vilipowaondoa.

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, walijenga kwanza Mulweba, nchi ya Masanze, mwanzoni mwa miaka ya 1880, kisha Kibanga mwaka 1883, si mbali na Baraka ya leo. Walinunua watumwa ili kuwapa uhuru, na mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akiwaamsha watu juu ya biashara hiyo. Jambo hilo tunalisimulia kwa fahari, na ni haki. Hata hivyo, anayesoma historia ya vijiji vile vya wakombolewa haachi kuona kwamba msichana aliyekombolewa mara nyingi aliozwa kwa mpango wa misioni kwa kijana aliyekombolewa kama yeye, ili zipatikane familia za Kikristu. Minyororo ilikatwa, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kumwuliza msichana anataka nini halikuwa jambo la nyakati zile, wala kwa bwana wa watumwa, wala kwa ukoo, wala kwa wale waliomwokoa.

Utawala wa Kibelgiji ulileta sheria mbili zilizokwenda pamoja. Tangu agizo la 15 Aprili 1926, mashauri ya wenyeji, yaani mahari, talaka, ugoni na ugomvi wa nyumba kwa nyumba, yaliachwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa mabaraza ya kimila chini ya mwami na wazee wake. Huko, mwanamke aliyeharibiwa alihesabiwa kuwa mali ya mtu iliyopunguzwa thamani, na mwenye mali ndiye aliyelipwa. Juu ya mabaraza hayo ilikuwapo sheria ya makosa ya jinai ya 30 Januari 1940.

Watu wengi husema kwamba kabla ya 2006 ubakaji haukuadhibiwa vikali katika nchi yetu. Si kweli. Sheria ile ya 1940 ilimtishia mbakaji kifungo cha miaka mitano hadi ishirini. Sheria mpya ya 2006 inasema nini? Miaka mitano hadi ishirini. Hesabu haikubadilika hata kidogo. Kwa muda wa miaka 66 adhabu kali ilikuwa imeandikwa, na katika muda huo huo mbuzi waliendelea kuhama kutoka zizi moja hadi jingine. Ni lazima basi tutafute mahali pengine kilichokuwa kinakosekana.

Kilichokosekana kilikuwa mwanamke kutambuliwa kuwa mwenye shauri lake. Tazameni Kanuni ya Familia ya 1 Agosti 1987, iliyotungwa na nchi huru, miaka 27 baada ya Wabelgiji kuondoka. Kifungu cha 444 kilisema kwamba mume ni kichwa cha nyumba, na kwamba mke humpasa kumtii. Kifungu cha 448 kilimtaka mke apate idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria lenye kumfunga. Kifungu cha 352 kiliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, huku mvulana akingoja 18. Hata ugoni ulikuwa na mizani miwili: mke aliadhibiwa kwa tendo lenyewe, mume aliadhibiwa endapo tu tendo lake lilikuwa na mazingira ya matusi mazito kwa mkewe. Mwanamke wa Uvira aliyetaka kushtaki alikuta mlango wenye walinzi wengi: baba, mume, mzee wa kijiji, polisi aliyezoea kumaliza mambo kwa faini. Na nyuma yao wote, fedheha.

Ndipo vikaja vita.

Sitavisimulia vyote. Kila mmoja wetu anavyo vyake. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, katika teritwari yetu ya Uvira, ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi. Mganga mkuu wake, Denis Mukwege, alinusurika, na mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu. Alikusudia hasa kuwasaidia akina mama katika uzazi, lakini aliyempokea kwanza alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Wakati huo huo, kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, mamia ya watu waliuawa Makobola, njiani tunapopita kila tunapokwenda Baraka. Hakuna mahakama iliyowahi kukaa kwa ajili ya marehemu hao.

Katika vita hivyo mwili wa mwanamke ulifanywa uwanja wa mapigano. Maneno hayo hayakubuniwa na wageni. Ni karibu sana na jina la uchunguzi uliofanywa na mitandao miwili ya wanawake wa Kivu ya Kusini, mmoja wao ukiwa na makao yake hapa Uvira, pamoja na shirika la International Alert, juu ya mabaya yaliyotendwa kati ya 1996 na 2003. Wanawake walikwenda kwa wanawake wenzao, wakaketi nao, wakawasikiliza mamia, wakaandika. Naona kazi hiyo ni ya thamani kubwa katika historia ya jimbo letu, ingawa haina sanamu wala barabara iliyopewa jina lake. Kabla yake mambo haya yalikuwa minong'ono ya kisimani. Baada yake yalikuwa maandishi ambayo mbunge aliweza kuyashika mkononi.

Hatukuwa peke yetu. Huko Arusha, mji wa jirani zetu wa Tanzania, Mahakama ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Rwanda ilikuwa ikimsikiliza Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba. Katika hati ya mashtaka ya kwanza neno ubakaji halikuwamo. Mapema mwaka 1997 shahidi mmoja mwanamke, aliyeitwa kueleza mauaji, alitaja kwamba binti yake mdogo alibakwa. Majaji wakamwuliza zaidi. Shahidi mwingine akasema yake. Mwezi wa Juni mwaka huo mashtaka yakarekebishwa, na tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo ikawa ya kwanza duniani kuamua kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mama yule hakuwa na cheo chochote. Alijibu swali zaidi ya alivyoulizwa, na sheria ya mataifa yote ikabadilika.

Nchi yetu nayo iliridhia Mkataba wa Roma wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2002. Katiba ya 18 Februari 2006 ikaweka vifungu viwili ambavyo ningependa kila msimamizi wa jumuiya avijue kwa namba zake, kama anavyojua namba za nyimbo. Cha 14 kinawaagiza wenye mamlaka kupiga vita kila namna ya ukatili dhidi ya wanawake, hadharani na nyumbani. Cha 15 kinasema kwamba ukatili wa kingono unaotendwa kwa kusudi la kuvunja familia au kuangamiza taifa la watu ni uhalifu dhidi ya binadamu. Tarehe 20 Julai mwaka huo huo, siku kumi kabla ya uchaguzi mkuu, zilitiwa sahihi sheria mbili, namba 06/018 na 06/019.

Ya kwanza ilipanua maana ya kosa. Mwanamume naye aweza kuwa aliyebakwa. Kitu chochote kilichoingizwa mwilini kwa nguvu ni ubakaji. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, wakati sheria ya kale iliishia kwenye 14. Mzazi au mlezi anayemlazimisha mtu kuolewa afungwa mwaka mmoja hadi kumi na miwili, na kima cha chini huongezwa mara mbili kama aliyeozwa hajatimiza miaka 18. Cheo cha aliyetenda hakimwokoi, wala hakimpunguzii adhabu. Na askari hawezi kujitetea kwa kusema aliagizwa na mkubwa wake.

Ya pili, inayohusu mwenendo wa kesi, haisomwi sana. Nadhani ndiyo yenye uzito zaidi. Upelelezi wa mwanzo umalizike ndani ya mwezi mmoja. Hukumu itolewe ndani ya miezi mitatu tangu vyombo vya sheria vipokee shauri. Daktari na mtaalamu wa nafsi waitwe. Mwathiriwa awe na mwanasheria wa kumsaidia. Mwenendo wake wa zamani usitumiwe kumvunjia heshima, na kunyamaza kwake kusihesabiwe kuwa kukubali. Hakimu alinde usalama na siri yake, akiombwa afunge milango ya mahakama. Kisha kuna kifungu kifupi sana, cha 9 bis, kinachosema kwamba faini ya mapatano, ile ambayo afisa wa polisi au wa parke anaweza kumtoza mkosaji ili jambo liishie ofisini, haitumiki kwa makosa ya ukatili wa kingono.

Msimame kidogo hapo. Ikiwa polisi mwenyewe, aliyevaa sare ya Serikali, amekatazwa kulimaliza shauri hili kwa fedha, mzee wa mtaa amepewa ruhusa hiyo na nani? Na baraza la parokia je? Kwa karne na zaidi, tangu soko la watumwa hadi kikao cha chini ya mwembe, maumivu ya mwanamke yalikuwa deni ambalo mwanamume mmoja alimlipa mwanamume mwingine. Kifungu cha 9 bis kiliondoa meza ambayo malipo yaliwekwa juu yake.

Kuandika ni rahisi. Kufika ni kazi nyingine, hasa katika mkoa ambao mtu wa mlimani huvuka mito na vizuizi vya barabarani ili amfikie hakimu. Ndiyo maana yaliyotokea Baraka mwaka 2011 yanastahili kusimuliwa kwa watoto wetu.

Usiku wa tarehe 1 Januari 2011 askari wa jeshi la taifa, chini ya Luteni Kanali Kibibi Mutware, walivamia mji mdogo wa Fizi, juu ya vilima, kulipiza kisasi baada ya mwenzao kuuawa na wananchi. Walipora, walipiga watu, walibaka wanawake kadhaa wa kadhaa. Wengi walikimbilia porini, na baadhi hawakutaka mtu yeyote ajue. Kwa desturi ya nchi, hapo ndipo mambo yangeishia: kamanda angehamishwa, kikosi kingepelekwa kwingine, wanawake wangeachiwa Mungu.

Safari hii Mahakama ya Kijeshi ya Kivu ya Kusini ilitoka Bukavu, ikashuka hadi Baraka, kilomita zipatazo 90 kusini mwa Uvira, ikafanya kikao huko huko, karibu na waliotendewa. Ni ile tuiitayo mahakama tembezi: majaji, waendesha mashtaka, wanasheria, makarani na makabrasha yao, wote wakisafiri pamoja kuwafuata mashahidi badala ya kuwangoja mjini. Gharama zake zilibebwa kwa msaada wa mashirika kutoka nje, jambo ambalo halitupi sifa, lakini tusilifiche. Washtakiwa walikuwa kumi na mmoja. Wanawake 49 walikuja kutoa ushahidi. Wakati wao wa kusema milango ilifungwa, na walifunika nyuso zao ili wasitambuliwe na umati uliojaa nje. Wangeweza kukataa. Katika mazingira yetu, mwanamke aliyebakwa hupoteza mume kwa ajili ya kusema, na msichana hupoteza mchumba. Walikuja hata hivyo, mmoja baada ya mwingine.

Hukumu ilisomwa tarehe 21 Februari 2011, siku ya 51 tangu usiku ule. Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya binadamu, na maofisa wenzake watatu miaka ishirini kila mmoja. Wengine watano walipewa kati ya miaka 10 na 15. Mmoja aliachiwa huru, na mmoja, kwa kuwa alikuwa mtoto, alipelekwa mahakama ya watoto. Kwa mara ya kwanza katika mashariki ya Kongo, kamanda wa jeshi alitiwa hatiani kwa uhalifu wa namna hiyo kwa sababu ya ubakaji. Wale ambao, kwa hesabu ya zamani, hawakuwa hata wenye shauri, walimhukumisha mwenye nyota mabegani.

Nasema haya bila kupamba. Mahakama iliamuru fidia, na katika nchi hii fidia zilizoamriwa kwa waathiriwa wa vita kwa sehemu kubwa zimebaki katika makaratasi. Wala kila kesi haikufuata njia ya Baraka. Mwaka 2014 huko Goma walihukumiwa askari 39 kwa yaliyotendwa Minova mwishoni mwa 2012, na wawili tu ndio waliotiwa hatiani kwa ubakaji. Wanawake walikuwa wengi, ushahidi ulikuwa mwingi, lakini uchunguzi haukuwaunganisha watendaji na matendo. Tofauti kati ya Baraka na Minova haikuwa katika sheria, kwa kuwa ilikuwa ile ile. Ilikuwa katika kazi: nani aliandika mapema, nani alihifadhi, nani alimfuata shahidi kabla hajatawanyika.

Baada ya hapo sheria nyingine zilikuja kwa mfululizo, nami nitazipitia kwa haraka. Sheria ya 10 Januari 2009 ilikuwa imekwisha kukataza uchumba na ndoa ya mtoto. Ile ya 1 Agosti 2015 ilihusu haki za wanawake na usawa. Tarehe 15 Julai 2016 Kanuni ya Familia ilirekebishwa: wajibu wa mke kumtii mume ukafutwa, idhini ya mume ikafutwa, na umri wa kuoana ukawa 18 kwa wote wawili. Mwishoni mwa 2022 ikapatikana sheria ya kuwalinda na kuwafidia waathiriwa wa ukatili wa kingono wa wakati wa vita, pamoja na mfuko wa taifa kwa kazi hiyo, FONAREV.

Zipo pia nafasi tupu. Hatuna mpaka sasa sheria maalumu juu ya ukatili wa nyumbani. Mume anayempiga mkewe hushtakiwa kwa kifungu cha jumla cha kupiga na kujeruhi, na ubakaji ndani ya ndoa haukutajwa kwa jina lake. Hilo lina madhara, kwa kuwa askari wa usiku wa Fizi ni rahisi kumchukia. Anayempiga mama wa watoto wake Jumamosi jioni na kuimba kwaya Jumapili asubuhi ni jirani yetu, tunamsalimu, na tunamwita Papa fulani kwa heshima.

Najua kuna wasomaji watakaoniuliza juu ya Maandiko. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inasema kwamba aliyemshika msichana asiyeposwa ampe baba yake fedha shekeli hamsini, na amwoe. Baadhi ya wazee huutaja mstari huo katika vikao vya mapatano kana kwamba ni hati ya kuwatetea. Wausome sawasawa. Katika dunia ile, msichana wa namna hiyo hakuwa na mahali pa kula. Agizo lilimfunga mwanamume amtunze bila ruhusa ya kumwacha maisha yake yote. Lilikuwa kizuizi kwa ukatili wa wakati wake, na Kanisa halijatufundisha kamwe kwamba shekeli zile ni bei ya milele. Mwalimu wa dini akitaka kisa cha kufundishia, achukue sura ya 13 ya Danieli, ambamo wazee wawili, wakiwa waamuzi wa watu, wanamtaka Suzana kwa nguvu, kisha wanamshtaki yeye. Danieli afanya nini? Hawapatanishi. Anaanzisha kesi upya mbele ya watu wote, anawatenga mashahidi wawili, anamwuliza kila mmoja peke yake ulikuwa mti gani, na uongo unajitokeza. Ni upelelezi kamili, na umo katika Biblia yetu Katoliki. Papa Yohane Paulo wa Pili naye, katika barua yake kwa wanawake ya 29 Juni 1995, aliomba waziwazi zitungwe sheria za kuwatetea wanawake dhidi ya ukatili wa kingono. Miaka kumi na mmoja baadaye Kongo ilizitunga.

Msamaha ni jambo jingine kabisa. Mwanamke aweza kumsamehe aliyemtendea, siku atakayoweza, kwa neema ya Mungu, na hakuna anayeweza kumwamuru wala kumpangia siku hiyo. Lakini msamaha wake haumfuti mshtakiwa katika daftari ya parke, kama vile maungamo ya mwizi hayamwondolei deni la kurudisha alichoiba. Jumuiya inayomwambia msichana asamehe ili wazee wapate kupokea mbuzi, inamwomba Mungu atie sahihi risiti.

Hivyo mzee wa shirika, anapogongewa mlango usiku na mama anayelia pamoja na binti yake, afanye nini? Asiwaite wa upande wa pili. Asimwulize binti alivaa nini au alikuwa anatoka wapi. Nguo zake zisifuliwe, zitiwe katika mfuko wa karatasi. Aende kituo cha afya usiku ule ule, au alfajiri, akiwa na mtu anayemwamini, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na cheti cha daktari kina nguvu zaidi kikiandikwa mapema. Binti mwenyewe, au mzazi wake kama ni mtoto, ndiye wa kufungua mashtaka. Mzee amsindikize tu, na Tume ya Haki na Amani ya jimbo imsaidie kupata mwanasheria. Kikao cha mapatano, kama tunavyokijua, huhitaji siku kadhaa: wajumbe watoke mlimani, mjomba afike kutoka Bujumbura au Kalemie, mbuzi watafutwe. Mara nyingi saa 72 huwa zimekwisha kabla ya mjumbe wa kwanza kufika.